RUZUKU KWA MWANAFUNZI MASKINI NA KALAMU YA KARANI



Kila mwaka yatangazwapo matokeo ya mtihani wa Kidato cha Sita, ofisi zetu hupata wageni wa namna moja. Ni vijana, wavulana na wasichana, wengine wamefuatana na baba au mjomba aliyevaa kanzu yake ya Ijumaa au koti lake la Jumapili, nao wameshika bahasha ya kaki mkononi. Huyu anatafuta mhuri, yule anatafuta sahihi, mwingine anataka cheti cha kuzaliwa ambacho jina lake lilikosewa herufi moja miaka kumi na tisa iliyopita. Sisi tukaao nyuma ya meza tumewazoea, na kwa kuwa tumewazoea twaweza kusahau ya kwamba katika bahasha ile mna maisha mazima ya mtu. Kwa hiyo mara hii twaomba ruhusa ya wanachama tuyaache kidogo mambo ya mishahara na vyeo, tuseme habari ya msaada wa masomo ya chuo utolewao kwa kadiri ya uhitaji, na sehemu yetu sisi makarani katika jambo hilo.

Yafaa kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Mkopo ni fedha ambayo mwanafunzi hupewa, naye huirudisha apatapo kazi. Ufadhili wa kufaulu ni tuzo ya mwenye alama za juu, awe mtoto wa tajiri au wa maskini. Ruzuku ya uhitaji ni fedha isiyorudishwa, nayo hupewa yule aliyekwisha pata nafasi chuoni kwa akili yake, lakini nyumbani kwao hakuna cha kulipa. Katika nchi yetu ya Tanzania, fedha nyingi zitolewazo na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ni za namna ya kwanza, ingawa Bodi huzigawa kwa kuutazama uhitaji. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa waliofaulu sana masomo ya sayansi, ni wa namna ya pili. Namna ya tatu ni haba kwetu, na ndiyo tutakayoisema zaidi.

Wazee wetu wa kazi hii waliijua thamani ya msaada usiorudishwa. Martin Kayamba, aliyeanzisha pamoja na wenzake chama cha watumishi Waafrika wa Serikali mjini Tanga mwaka 1922, alisoma Kiungani, Unguja, katika shule ya misheni ya UMCA. Wengi wa makarani wa zamani zile walifunzwa katika shule za namna hiyo kwa fedha za watu wasiowajua, waliotoa wala hawakudai. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 Serikali ilichukua mzigo wa kuwasomesha vijana wa chuo kikuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukaja utaratibu wa kuchangia gharama, na wazazi wakaanza tena kuhesabu. Sheria ya mwaka 2004 ikaiunda Bodi ya Mikopo, nayo ikaanza kazi mwaka 2005. Mwaka 2016 mambo mawili yalitokea. Elimu ikawa bila ada hata Kidato cha Nne, na sheria ya mikopo ikabadilishwa, makato ya mnufaika aliyeajiriwa yakawa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi badala ya asilimia 8. Mwaka 2022 ada ya Kidato cha Tano na cha Sita ikaondolewa pia.

Mtu akitazama haya ataona ya kuwa ngazi imetengenezwa vizuri kutoka chini. Mtoto wa mkulima hupanda madaraja yote bila kuulizwa ada, hata anapofika daraja la mwisho ndipo aulizwapo. Hapo wengi hushikwa mkono na Bodi, nasi twaishukuru. Lakini wako wasioshikwa, na wako wanaoshikwa kwa kidole kimoja tu. Wanachama wetu wengi wenye umri mdogo walishikwa mkono na Bodi hiyo, na sasa wanarudisha. Anayepata mshahara wa msingi wa shilingi 700,000 hukatwa shilingi 105,000 kila mwezi, na katika hiyo inayobaki ndimo atoapo ada ya mdogo wake. Hatusemi deni lisilipwe. Deni ni deni, na mwungwana hulipa. Twasema tu ya kwamba mtoto wa maskini aanzaye kazi akiwa na deni hakuanza mahali pamoja na mwenzake aliyelipiwa na babaye, ingawa walikaa dawati moja na kupata shahada moja. Ndiyo sababu nchi nyingine zimeona mkopo peke yake hautoshi.

Tutazame mifano miwili. Marekani ilianza mwaka 1972 ruzuku ya Serikali kwa wanafunzi wa vyuo walio maskini, na mwaka 1980 ikaitwa Pell Grant, kwa jina la Seneta Claiborne Pell wa Rhode Island aliyeipigania. Mwanafunzi hujaza karatasi ya maombi akaeleza mapato ya wazazi na idadi ya watu wa nyumbani, Serikali ikapiga hesabu, na mwenye uhitaji mkubwa akapewa zaidi. Fedha hiyo hairudishwi. Katika mwaka wa masomo 2024/2025 kiasi cha juu kilikuwa dola 7,395. Lakini zamani, katika miaka ya 1970, kiasi cha juu cha ruzuku hiyo kiliweza kulipa zaidi ya robo tatu za gharama za mwaka katika chuo cha umma cha miaka minne, na siku hizi hakifikii hata theluthi moja, kwani ada na pango zimepanda mbio kuliko ruzuku. Hili ni fundisho la kwanza: msaada uliowekwa kwa kiasi kimoja ukaachwa pale pale hupungua kila mwaka pasipo mtu kuupunguza.

Mfano wa pili ni wa jirani zetu wa Kenya. Mwaka 2023 walianza utaratibu mpya wa kulipia vyuo vikuu, ambao kila mwanafunzi hupimwa uhitaji wake, kisha hupewa sehemu ya ufadhili usiorudishwa na sehemu ya mkopo, na jamaa zake wakatoa iliyobaki. Nia ilikuwa njema. Lakini vijana wengi na wazazi wao walilalamika ya kuwa wamewekwa katika kundi lisilo lao, maskini akahesabiwa kuwa mwenye uwezo. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba mpango huo unapingana na Katiba, na shauri likapelekwa Mahakama ya Rufani. Fundisho la pili ni hili: kugawa kwa kadiri ya uhitaji ni jambo la haki, lakini haki hiyo yote yategemea kipimo, na kipimo chategemea habari zilizoandikwa katika karatasi.

Hapa ndipo kazi yetu iingiapo. Mwenye njaa halisi aghalabu ndiye asiye na karatasi za kuionyesha njaa yake. Ili kuthibitisha uhitaji kwetu, kijana hutakiwa kuonyesha cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa. Kama ni yatima, cheti cha kifo cha mzazi. Kama nyumba yao imo katika mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, namba ya kaya hiyo. Kama alilipiwa na mfadhili sekondari, barua ya mfadhili. Kama ni mlemavu, karatasi iliyotiwa sahihi na mganga. Kisha mwenyekiti wa mtaa au kijiji atie sahihi yake na mhuri, na wakili au hakimu ashuhudie kiapo, na maombi yote yapelekwe kwa mtandao kabla ya siku ya mwisho. Kila moja ya hizi ina maana yake, wala hatuzilaumu. Lakini hesabu safari zake. Mtoto wa mjini ambaye babaye ni mtumishi humaliza yote kwa siku mbili, kwa sababu vyeti vimo katika sanduku chini ya kitanda na babaye ajua mlango wa kila ofisi. Mtoto wa kijijini hupanda gari asubuhi kwenda wilayani, akaambiwa arudi kesho, naye kesho hana nauli.

Twamkumbuka binti mmoja aliyefika mbele ya meza ya mmoja wetu. Alikuwa amefaulu vizuri, na nafasi ya chuo alikuwa nayo. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la tatu, akazikwa kijijini siku ile ile, wala hakuna aliyewaza kwenda kuandikisha kifo chake, kwani nani aliyejua kwamba miaka kumi baadaye karatasi ile ingetakiwa? Binti alikwenda katika ofisi moja, akaagizwa alete barua ya kijiji. Alipoileta akaagizwa alete mashahidi wawili. Alipowaleta mashahidi, mmoja wao mzee wa kutembea na mkongojo, karani mwenye daftari alikuwa amekwenda likizo, na aliyeshika nafasi yake akasema yeye hahusiki. Siku ya mwisho ya maombi ikapita. Katika karatasi za mwaka ule binti yule alionekana mtu mwenye baba. Twasikitika kusema ya kuwa hakwenda chuo mwaka ule. Hakuna sheria iliyomkataza. Ni kiti kitupu na neno moja la uvivu.

Wako wenzetu watakaosema, "Lakini sisi nasi twaonewa." Wana neno la kweli. Mshahara wa karani umeandikwa, hauwezi kufichwa, basi mtoto wake huhesabiwa kuwa na mzazi mwenye kipato. Lakini mwenye maduka mawili na lori barabarani, ikiwa hana karatasi ya mshahara, aweza kujiandika mkulima mdogo na mtoto wake akapewa mbele ya wetu. Uovu huu upo, nao wafaa kusemwa kwa wakubwa. Lakini tujiulize: yule mwenye lori aliipata wapi barua yenye mhuri isemayo kuwa ni mkulima mdogo? Mhuri haujipigi wenyewe. Kuna mkono ulioushika, na mkono huo ni wa mtu kama sisi. Kila barua ya uongo iandikwayo kwa urafiki, au kwa sababu ya udugu, au kwa ule msemo wetu mbaya kwamba mkono mtupu haulambwi, humtoa mtoto mmoja wa kweli katika orodha, maana fungu ni moja nalo lina mwisho. Anayeandika uongo hamwoni mtoto yule aliyetolewa. Huenda ndiye mtoto wa mwanachama mwenzake.

Basi sisi wa chama hiki tufanye nini? Twatoa mashauri manne, nayo tutayaleta mbele ya mkutano mkuu yajadiliwe.

Kwanza, meza ya karatasi. Katika miezi ya maombi, wanachama wapeane zamu, jioni mbili kila juma baada ya kazi, wakae katika ukumbi wetu na kuwasaidia vijana kujaza maombi bila malipo. Mtu asidhani hili ni jambo dogo. Huko Marekani karatasi ya maombi ilikuwa na maswali zaidi ya 100, hata sheria ya mwaka 2020 ikaamuru yapunguzwe. Kabla ya hapo, mwaka 2008, wataalamu walifanya majaribio katika ofisi zinazowatayarishia watu hesabu za kodi. Jamaa wengine walisaidiwa kuijaza karatasi ile, kazi ya dakika zipatazo kumi, wengine wakaelezwa tu habari zake, wengine wakaachwa kama walivyo. Miaka mitatu ikapita. Miongoni mwa vijana wa shule walioachwa, asilimia 28 walikuwa wamesoma chuo miaka miwili, na miongoni mwa waliosaidiwa walikuwa asilimia 36. Wale walioelezwa tu bila kujaziwa hawakuzidi walioachwa. Tazameni, ndugu: maneno matupu hayakufaa kitu, bali mkono wa mtu ajuaye kujaza karatasi ulifaa. Je, katika nchi hii nani ajuaye kujaza karatasi kuliko karani?

Pili, ahadi ya mhuri. Kila mwanachama aahidi ya kwamba hatapokea chochote kwa ajili ya karatasi ya mwanafunzi, wala soda, wala nauli, wala "asante" itolewayo kabla ya kazi. Na asiyehusika na jambo amwambie kijana ni nani ahusikaye na chumba gani, badala ya kumwambia arudi kesho. Tena aahidi kwamba hataandika hali asiyoijua. Akiombwa na ndugu yake amwandikie umaskini asio nao, amjibu kwa adabu lakini amkatalie. Tunajua ya kuwa hili ni gumu kuliko la kwanza, kwani jioni mbili ni rahisi kutoa kuliko kumnyima shemeji. Hata hivyo hatuwezi kuwalaumu wakubwa kwa upendeleo nasi twaufanya kwa kalamu zetu.

Tatu, mfuko mdogo wa ruzuku. Hatuna uwezo wa kulipa ada za chuo kikuu, wala tusijidanganye. Lakini vijana wengi hawaangushwi na mamilioni, huangushwa na vitu vidogo mwanzoni: ada ya maombi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 30,000, gharama ya vyeti, nauli ya kwenda chuoni, na chakula cha majuma ya kwanza kabla fedha ya Bodi haijamfikia. Mathalan, wanachama 150 wakitoa shilingi 2,000 kila mmoja kwa mwezi, kwa mwaka zitapatikana shilingi 3,600,000, na hizo zaweza kulipa ada za maombi 120. Haba na haba hujaza kibaba. Na fedha hiyo iwe ruzuku, isiwe mkopo, kwa maana mkopo mdogo wa namna hiyo utatugharimu daftari na kufuatana na watu kuliko thamani yake, na kijana atakuwa na deni jingine la kutosha.

Nne, namna ya kugawa. Kamati ya watu watano ipokee maombi, na mwenye jamaa yake katika orodha atoke nje wakati wa kumjadili. Kijana aulizwe mambo machache ambayo yaweza kuonekana kwa macho: ni nani amlishaye, wangapi wanakula chungu kimoja, nani mwingine anasoma. Asiye na karatasi asifukuzwe, bali mwanachama mmoja atumwe kwao akaone. Majina ya waliopewa yaandikwe katika daftari la kamati na kukaguliwa, lakini yasisomwe hadharani wala kubandikwa ukutani, maana umaskini si kosa la kutangazwa. Na kila mwaka mkutano ukitazame kiasi cha ruzuku na bei za vitu, tusije tukafanya kama tulivyosikia kwingine, fedha ikabaki jina tu.

Twajua yatakayosemwa. Wengine watasema fedha isiyorudishwa huwafanya vijana wavivu. Twajibu ya kuwa mvivu hakufika Kidato cha Sita akapata nafasi ya chuo kutoka shule isiyo na taa. Na kama hofu ingali ipo, ruzuku yaweza kutolewa kwa awamu, kijana akaonyesha kwanza ya kuwa anaendelea na masomo. Wengine watasema, "Tayari twakatwa asilimia 15, twasaidie nani tena?" Ndugu hao twawaonea huruma kwa kweli, na tulifurahi pamoja nao mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza, Sikukuu ya Wafanyakazi mjini Mwanza, kuondolewa kwa ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikilivimbisha deni kila mwaka. Wao shilingi 2,000 zisiwe lazima. Lakini jioni moja mezani wanaweza, nao watafaa kuliko wote, maana wameipita njia ile na wanajua mashimo yake.

Na kwa Serikali twaomba kwa heshima neno moja. Pale mapato yanaporuhusu, sehemu ya fedha ya Bodi itolewe kuwa ruzuku kwa wale walio chini kabisa: yatima, walemavu, na watoto wa nyumba zilizokwisha andikwa katika mpango wa kaya maskini. Hao wamekwisha pimwa mara moja, haina haja kuwapima mara ya pili kwa karatasi nyingine kumi. Mtoto ambaye Serikali yenyewe imeandika katika daftari lake kwamba kwao hawana chakula cha kutosha asilazimike kusafiri kwenda kulithibitisha tena jambo hilo mbele ya hakimu.

Binti yule tuliyemtaja alirudi mwaka wa pili. Safari hii aliyekaa mezani aliondoka naye, akafuatana naye hata chumba cha daftari, akangoja hata kifo cha baba yake kikaandikwa. Kazi ile ilichukua asubuhi moja. Twaandika habari hii ili kila mwanachama ajue kwamba kilichomchelewesha mtoto yule mwaka mzima kilikuwa asubuhi moja ya karani mmoja, na ya kuwa asubuhi za namna hiyo sote tunazo.

Mkutano mkuu ukaribiapo, wanachama wapenda kuandika majina yao kwa zamu za meza wamwone Katibu. Tutafurahi ikiwa karatasi ya majina haitatosha.